Steam Deck, ROG Ally, Legion Go au Claw: maswali yanayoulizwa sana kabla ya kununua kompyuta ya gemu ya mkononi

Haya maswali yanajirudia kila siku kwa hiyo nimeamua kuyaweka sehemu moja na kuyajibu kwa urefu pale panapohitaji urefu. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: watu wengi wanaanza na prosesa, wanabishana chipu za AMD za Z1 na Z2 wiki nzima, halafu wananunua mashine ambayo gemu yao ya kila siku haifunguki. Anza na gemu zako, zifuate mikono yako, ije betri, chipu iwe ya mwisho kabisa.

Hivi hizi ni kompyuta kweli au ni Switch nyingine tu?

Ni kompyuta kamili. Ndani kuna chipu ya familia ileile ya laptop, kuna RAM, kuna SSD, ukichomeka kibodi na monita unafanya kazi kama kawaida. Switch 2 iliyotoka Juni 2025 ni konsoli, gemu zake ni za Nintendo na zile zilizoandaliwa kwa ajili yake. PlayStation Portal hiyo haichezi gemu yenyewe kabisa, inapokea picha kwa intaneti, Wi-Fi ikikata na gemu imekata. Na vile vidude vya Android ni vizuri sana kwa emuleta (programu zinazoiga konsoli) za gemu za zamani, ila ukitaka maktaba yako ya Steam, lile duka la gemu za PC la Valve, ifunguke vilevile kama kwenye PC ndo unakuja huku.

Wachina wa GPD walikuwa wanatengeneza hivi vitu tangu 2016 na GPD Win, wakaja AYANEO na OneXPlayer, lakini soko lilifunguka kwelikweli Valve walipoanza kusafirisha Steam Deck Februari 2022. Baada ya hapo kila mtu akaingia: ASUS na ROG Ally katikati ya 2023, Lenovo na Legion Go mwisho wa mwaka huohuo, MSI na Claw mwaka 2024.

Nina bajeti, nina hamu, nianze kuangalia nini?

Chukua karatasi andika gemu ambazo utazicheza kweli miezi sita ijayo, sio zile unazotamani siku moja uzicheze, zile ambazo jioni ukikaa mkono unaenda zenyewe. Pembeni ya kila moja andika unaimiliki wapi: Steam, Epic, GOG, Game Pass (gemu za kujiunga kwa malipo za Microsoft), au kwenye lonchi (programu ya kufungulia gemu) ya kampuni yenyewe. Hiyo karatasi ndo itakuchagulia mashine kuliko video yoyote ya mapitio.

Kama zaidi ya nusu ziko Steam na nyingi ni za kucheza peke yako, Steam Deck au Legion Go S (mdogo wake Legion Go) yenye SteamOS, mfumo endeshi wa Valve, zinakutosha na utaishi kwa raha. Kama kuna Game Pass, au kuna gemu za onlaini za ushindani, soma swali linalofuata kabla hujatoa hela.

Mbona naambiwa gemu nyingine zinakataa kwenye Steam Deck?

Hapa ndipo watu wanaumia kuliko sehemu nyingine yoyote, acha nieleze vizuri.

Steam Deck haitumii Windows, inatumia SteamOS ambayo chini yake ni Linux, toleo lililojengwa juu ya Arch, aina mojawapo ya Linux. Gemu zimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo katikati kuna kitu kinaitwa Proton, Valve walikitoa 2018, kazi yake ni kupokea maagizo ya Windows kutoka kwenye gemu na kuyageuza yawe maagizo ambayo Linux inayaelewa, na inafanya hivyo papo hapo wakati unacheza wala hutajua kama ipo. Inafanya kazi vizuri mno, maelfu ya gemu zinakubali bila wewe kugusa kitu.

Tatizo ni programu za kuzuia udanganyifu. Gemu za ushindani zinaweka mlinzi ambaye anaingia ndani kabisa ya mfumo wa Windows kukagua kama umeweka programu ya kulenga yenyewe au kuona kupitia kuta. Mlinzi huyo akifika kwenye Linux anakuta nyumba sio ile aliyoizoea, anakataa, gemu haifunguki au inafunguka lakini onlaini inakutoa. Valorant, Fortnite, Destiny 2, PUBG, matoleo ya karibuni ya Call of Duty, na EA Sports FC kuanzia ile ya 24, hizo zote kwenye SteamOS sahau. Na sio kwamba teknolojia haiwezekani, kuna kampuni za ulinzi huo zina toleo linalokubali Linux, ni uamuzi wa wenye gemu. Ndo maana gemu inaweza kukubali leo na kukataa kesho: Apex Legends ilikuwa inachezeka poa kabisa kwenye Deck mpaka Oktoba 2024 EA walipofunga mlango wa Linux, na GTA Online ilikatika Septemba 2024 baada ya kuwekewa BattlEye, mlinzi mwingine wa aina hiyo, ingawa hadithi ya GTA V ya kucheza peke yako inaendelea.

Kwa hiyo kabla ya kununua fungua ukurasa wa gemu kwenye Steam uangalie alama ya Deck. Kuna madaraja manne: iliyothibitishwa, inayochezeka na marekebisho madogo, isiyokubali, na isiyojulikana. Ile ya isiyojulikana isikutishe, maana yake haijapimwa tu. Kisha nenda tovuti ya ProtonDB usome wachezaji wenyewe wanasema nini, na soma za miezi ya karibuni, za miaka miwili nyuma hazina maana tena.

Basi si bora ninunue ya Windows tu niwe na uhakika?

Kwa upande wa gemu kufunguka, ndio, Windows inafungua karibu kila kitu. Kwa upande wa kuishi nayo mkononi ni habari nyingine.

Windows ilitengenezwa kwa ajili ya mausi. Fikiria umekaa, umefungua gemu, lonchi ya kampuni inaibuka inataka uthibitishe neno la siri, kile kidirisha kimejificha nyuma ya gemu, unaita kibodi ya kwenye kioo, kibodi inakuja inafunika palepale unapotakiwa kuandika, unajaribu kugusa kakitufe kadogo ka kufunga kwa kidole gumba unagusa pembeni, gemu inajishusha chini. Sio kila siku inatokea hivyo lakini inatokea, na siku ikitokea una dakika ishirini tu za mapumziko inakera sana.

Kingine ni usingizi. Kwenye SteamOS unabonya kitufe cha kuwashia katikati ya pambano, kioo kinazima, unaweka kwenye begi, ukirudi jioni unabonya tena uko palepale upanga umeinua. Kwenye Windows mara nyingi inakubali ila mara nyingine unakuta gemu imejifunga, au mashine ya moto ndani ya begi na chaji imeisha kwa sababu kuna kitu kiliiamsha. Wengi wa Windows wanaishia kutumia hibanesheni, yaani kila kitu kinahifadhiwa kwenye diski na mashine inazima kabisa, ni salama zaidi, inachukua muda kidogo kuamka.

Microsoft wameanza kulishughulikia hilo. ROG Xbox Ally na ROG Xbox Ally X zilizotoka Oktoba 2025 zinawaka moja kwa moja kwenye ukurasa wa Xbox unaojaza kioo kizima, vitu vingi vya deskitopu havipakiwi kwa hiyo RAM inabaki kwa ajili ya gemu. Ni hatua nzuri na naifurahia kweli, ingawa ukichimba kidogo unaikuta Windows ileile imekaa chini.

Na Game Pass? Kudaunilodi gemu za Game Pass kwenye mashine yenyewe ni Windows tu. Kwenye SteamOS unaweza kuzicheza kwa mtandao kupitia brauza, intaneti yako ikiwa nzuri.

Naweza kununua ya Windows halafu nikaweka SteamOS mwenyewe?

Inawezekana na watu wengi wanafanya. Mei 2025 Valve walitoa SteamOS 3.7 ikiwa na usaidizi rasmi wa Legion Go S, mashine ya kwanza isiyo ya Valve kuuzwa na SteamOS ndani, na wakaboresha usaidizi kwa mashine nyingine za AMD ikiwemo ROG Ally. Kuna pia Bazzite, ni Linux nyingine iliyotengenezwa kwa mtindo huohuo, imependwa sana na wenye Ally na Legion Go. Kinyume chake nacho kinawezekana, Valve wanatoa draiva za kuweka Windows kwenye Deck, ila ukishafanya hivyo umepoteza karibu kila kitu kinachofanya Deck iwe nzuri kwa hiyo siipendekezi.

Majaribio ya 2025 kwenye Legion Go S ileile, mara na Windows mara na SteamOS, yalionyesha gemu kadhaa zinakimbia haraka zaidi kwenye SteamOS. Chipu ileile, betri ileile. Hapo ndo uone jinsi hesabu ya prosesa peke yake inavyodanganya. Angalizo: Claw za Intel zikae na Windows yake, nguvu kubwa ya SteamOS mpaka sasa iko kwa AMD.

Z1, Z1 Extreme, Z2, Z2 Go, Z2 A, Z2 Extreme... nimechanganyikiwa, kubwa ni ipi?

Una haki ya kuchanganyikiwa, majina yamepangwa vibaya. Usisome namba, soma kilichomo ndani.

Z1 Extreme, ya 2023, ina koa 8 (viini vya prosesa) za Zen 4 na vitengo 12 vya grafiki vya RDNA 3; Zen na RDNA ni vizazi vya AMD vya prosesa na grafiki, namba kubwa ndo mpya zaidi. Z1 ya kawaida ya mwaka huohuo ina vitengo 4 tu vya grafiki, theluthi moja, na kwenye gemu nzito tofauti inaonekana kwa macho, kwa hiyo ROG Ally mbili za 2023 zinazofanana kwa sura sio mashine moja hata kidogo, uliza ni ipi. Z2 isiyo na neno lolote mbele ni karibu Z1 Extreme ileile kwa jina jipya. Z2 Go iko chini yake, koa 4 na grafiki ya RDNA 2. Z2 A, ambayo iko kwenye ROG Xbox Ally nyeupe, ni koa 4 za Zen 2 na vitengo 8 vya RDNA 2, yaani ni ukoo mmoja na chipu ya Steam Deck ya 2022, tofauti inaruhusiwa kula umeme mwingi zaidi. Z2 Extreme ndo kubwa kweli, koa 8 na vitengo 16 vya RDNA 3.5, utaikuta kwenye ROG Xbox Ally X na Legion Go 2.

Kwa hiyo ndiyo, kuna Z2 mbili ambazo ziko chini ya Z1 Extreme. Mtu akikuuzia "Z2 mpya" muulize herufi inayofuata.

Upande wa Intel, Claw ya kwanza ilikuja na Core Ultra 155H au 135H na haikupokelewa vizuri, lakini Claw 8 AI+ yenye Core Ultra 7 258V ni kitu kingine kabisa, RAM GB 32, betri ya Wh (wati-saa) 80, hiyo naiheshimu.

Chipu kubwa itanipa nini hasa?

Inategemea umeme unaoipa, na hapo wengi wanapitwa. Steam Deck chipu yake inaishia wati 15. Ally ya kwanza ikiwa kwenye betri inafika 25, ukichomeka chaja inafika 30. Ukizishusha zote mpaka wati 9 au 10 hivi, tofauti kubwa uliyoiona kwenye video inasinyaa sana, na kwenye wati ndogo kabisa Deck inasimama vizuri kushinda watu wanavyotegemea. Kama unacheza mbali na soketi muda mwingi basi hiyo nguvu ya ziada uliyolipia utaitumia mara chache. Kama unacheza imechomekwa, au unacheza gemu nzito za miaka hii miwili mitatu, basi Z1 Extreme au Z2 Extreme ina maana.

RAM GB 16 inatosha?

Kwa SteamOS na kioo cha 800p (pikseli 800 kwenda juu) kama cha Deck, inatosha. Kwa Windows inabana. Kumbuka grafiki haina memori yake, inakula kwenye RAM hiyohiyo, ukiitengea GB 6 zimebaki 10 na Windows yenyewe inataka chake kabla gemu haijafunguka. Ndo maana ROG Ally X, ile Ally ya 2024, ikapewa 24. Na RAM za hizi mashine zimechomewa kwenye bodi, huwezi kuongeza baadaye, kwa hiyo hapa usibane matumizi kama unaenda Windows.

Kioo: 800p sio aibu mwaka huu?

Hapana kabisa. Piga hesabu: 1280 kwa 800 ni pikseli 1,024,000. 1920 kwa 1080 ni 2,073,600, mara mbili. Legion Go ya kwanza ni 2560 kwa 1600, hiyo ni 4,096,000, mara nne kamili ya Deck, na kila pikseli lazima chipu ndogo iichore. Hamna chipu ya mkononi ya kizazi hicho inayoweza kuchora gemu nzito kwa 1600p ikabaki laini, kwa hiyo wenye Legion Go wengi wanashusha mpaka 1200p au 800p. Kwenye kioo cha inchi 7, 800p inaonekana safi.

Mimi kinachonigusa zaidi ni vitu viwili. Cha kwanza ni OLED, Steam Deck OLED ya Novemba 2023 ina kioo cha inchi 7.4 chenye 90Hz (kinajichora upya mara 90 kwa sekunde), weusi wake ni weusi kweli, ukicheza usiku taa zimezimwa huwezi kurudi nyuma. Legion Go 2 nayo ina OLED, inchi 8.8 na 144Hz. Cha pili ni VRR, yaani kioo kinafuata mwendo wa gemu badala ya gemu kulazimishwa ifuate kioo. ROG Ally inayo tangu mwanzo, Legion Go S inayo, Legion Go ya kwanza haina, Deck zote mbili hazina. Gemu ikiyumba kati ya fremu (picha) 45 na 58 kwa sekunde, kwenye VRR hutagundua, kwenye kioo cha kawaida utaona inadundadunda.

Usiye na VRR dawa yako ni kufunga fremu, yaani kuiwekea gemu kikomo cha fremu kwa sekunde. Jaribu 40. Fremu 30 kwa sekunde maana yake kila fremu inakaa milisekunde 33.3, 60 ni 16.7, na 40 ni 25, yaani katikati kabisa ya hizo mbili. Unapata ulaini wa nusu ya safari nzima kwa fremu kumi tu za ziada, na betri inakushukuru. Kwenye Deck OLED funga 45, inaingia mara mbili kamili kwenye 90Hz.

Jambo moja dogo la Legion Go ya kwanza: kioo chake asili yake ni cha kusimama kama cha simu, kimelazwa kwa programu, kwa hiyo gemu za zamani mara mojamoja zinafunguka zimelala ubavu. Inatatulika ila ujue.

Betri inakaa saa ngapi, ukweli mtupu?

Hamna jibu moja lakini kuna hesabu moja. Chukua ukubwa wa betri kwa Wh, gawanya kwa wati ambazo mashine nzima inakula, yaani chipu, kioo, feni, Wi-Fi, vyote. Wh 50 ukila wati 25 ni saa 2. Wh 50 ukila wati 8 ni zaidi ya saa 6.

Sasa weka namba: Steam Deck ya kwanza, ya LCD, ni Wh 40, OLED ni 50, Ally ya kwanza 40, Ally X na Xbox Ally X ni 80, Xbox Ally 60, Legion Go ya kwanza 49.2, Legion Go S 55.5, Legion Go 2 ni 74, Claw 8 AI+ ni 80. Ally ya kwanza ikiwa kwenye wati 25 za chipu, ukiongeza na kioo na vingine vyote, inaelea karibu na saa moja tu, na malalamiko mengi yalianzia hapo. Ndo maana Ally X ilipokuja 2024 na betri mara mbili watu wakanyamaza, chipu haikubadilika, ni Z1 Extreme ileile.

Gemu ndogo kama Stardew Valley, Hades au Hollow Knight zitakupa saa nyingi kwenye yoyote. Ukienda Cyberpunk 2077 zote zinarudi kwenye saa mbili hivi, labda hizo za Wh 80 uzisukume zaidi.

Pawabenki: Deck inachaji kwa wati 45, Ally inataka 65, hakikisha imeandikwa PD (chaji ya nguvu ya USB-C) na inatoa wati hizo kwenye tundu moja, sio jumla ya matundu yote. Na kama unasafiri kwa ndege, kikomo cha kawaida cha kubeba bila kuomba ruhusa ni Wh 100, ambayo ni kama mAh 27,000 kwa hesabu ya volti 3.7.

Uzito unaleta tofauti kweli?

Mno, na ndicho kitu ambacho huwezi kukiona kwenye picha. Deck OLED ni gramu 640, Ally ya kwanza 608, Ally X 678, Xbox Ally X 715, Claw 8 karibu 795, Legion Go ya kwanza na kontrola zake 854, Legion Go 2 ni 920.

Kabla hujanunua fanya hivi: gramu moja ya maji ni mililita moja, chukua chupa jaza maji mpaka ifike uzito wa mashine unayoitaka, ilaze mlalo uishike kwa mikono miwili mbele ya kifua kama vile unacheza, viwiko visiegemee popote, angalia saa. Gramu 640 zinavumilika. Gramu 900, kabla nusu saa haijaisha utaanza kutafuta mto wa kuegeshea. Kama wewe ni wa kucheza ukiwa umelala chali, hilo jaribio litakupa jibu peke yake. Kama unachezea mezani, Legion Go inakuwa tamu ghafla kwa sababu kontrola zinachomoka, unaisimamisha kwa mguu wake wa nyuma, na kontrola ya kulia unaweza kuitumia kama mausi.

Umbo nalo lina neno. Deck ni pana lakini inajaa kiganjani, na ina trakipadi (pedi za kugusa kama za laptop) mbili ambazo kwa gemu za mikakati na zile za kubofyabofya hazina mpinzani, kama unacheza gemu za aina hiyo hapo mjadala umeisha. Xbox Ally zina mishikio iliyotokeza kama ya kontrola ya Xbox, vidole vinapumzika.

Stiki zinachakaa? Hall effect ni nini?

Ni stiki zinazosoma mahali kwa sumaku badala ya vipande vinavyosuguana, kwa hiyo haziwahi kuanza kutembea zenyewe kirahisi. Legion Go na Claw zinazo. Deck na Ally hazina lakini stiki zake zinabadilishika, na vipuri vinapatikana.

SSD ya ukubwa gani?

Chukua ndogo halafu ongeza, kama una mkono wa bisibisi. Deck na Ally ya kwanza zinapokea SSD ya aina ya M.2 ya ukubwa wa 2230, kale kafupi, Ally X inapokea 2280 ya kawaida ambayo ina machaguo mengi zaidi. Baldur's Gate 3 peke yake inaomba GB 150 kwa hiyo GB 256 ni gemu moja na nusu. Memori kadi zinafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani kwa gemu ndogo na za kati, kwa gemu kubwa utasubiri zaidi kwenye kupakia.

Inaweza kuchukua nafasi ya laptop?

Kwa dharura ndiyo. Ya Windows ukiiweka kwenye doki na kibodi ni PC kabisa. Deck ina deskitopu ya Linux inayoitwa KDE, brauza, unaandika, unatuma barua pepe, ila Microsoft Office ya kusakinisha haiingii. Kwa TV zote zinatoa picha kupitia USB-C, lakini usitegemee 4K kwenye gemu nzito.

Nimepata iliyotumika, nikague nini?

Iwashe mwenyewe, usikubali ikiwa imeshawashwa. Ya Windows fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea ukurasa wenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake sasa hivi. Pengo likiwa kubwa shusha bei au ondoka. Ya Deck ingia deskitopu, kuna sehemu ya taarifa za mfumo inaonyesha afya ya betri.

Kwenye setingi kuna pa kupima stiki, ziache bila kugusa uone kama zinatulia katikati, kisha zizungushe pembeni polepole. Weka picha nyeupe kioo kizima utafute pikseli zilizokufa. Sikiliza feni gemu ikiwa inakimbia, ikikwaruza ina shida. Angalia skrubu za nyuma kama vichwa vimelika, maana yake imefunguliwa, sio dhambi ila uliza kwa nini. Kwa ROG Ally ya kwanza lazima uchomeke memori kadi uicheze gemu nzito kidogo, kwa sababu sehemu ya kusomea kadi ilijulikana kusumbuliwa na joto, ASUS wenyewe walikiri 2023. Mwisho muuzaji atoe akaunti zake zote mbele yako na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani.

Nisubiri toleo jipya?

Kama una kitu cha kuchezea sasa hivi, subiri. Kama huna, nunua. Jipya litakuwepo daima.

Wewe ungechukua ipi?

Steam Deck OLED, bila kusita, kwa mtu anayecheza gemu za Steam peke yake akiwa amejilaza. Sio yenye nguvu zaidi, na gemu nzito mpya kabisa zinaanza kuishinda, lakini ndiyo ninayoweza kumpa mtu yeyote bila kumwachia maelekezo.

Mwenye FC na Call of Duty asinisikilize hapo, aende Ally X au Xbox Ally X, betri ya Wh 80 inaifanya Windows ivumilike. Mwenye macho yanayosumbuka na maandishi madogo aangalie inchi 8 au 8.8, hilo ni la msingi kwake kuliko fremu, gemu nyingi zina maandishi yaliyopimwa kwa TV na kwenye inchi 7 utakunja uso. Legion Go S ya SteamOS ni kwa anayetaka kioo kikubwa kuliko Deck na bado hataki Windows, ichukue ya Z1 Extreme, ya Z2 Go iache.

Xbox Ally ya Z2 A ndiyo inayonipa taabu kumshauri mtu, labda awe ni wa Game Pass hasa.

Nimeshanunua. Nianze na nini?

Iapdeti kwanza, yote, kabla ya gemu hata moja, mashine hizi zinatoka kiwandani na programu za zamani na matatizo mengi ya siku ya kwanza yanaishia hapo. Za Windows apdeti mara tatu: Windows yenyewe, programu ya kampuni, na draiva ya grafiki. Kama itakaa imechomekwa muda mwingi weka kikomo cha chaji kwenye 80%. Bandika protekta ya kioo ikiwa bado mpya haina vumbi.

Kisha weka gemu ile ya juu kabisa kwenye karatasi yako, funga fremu 40, shusha wati mojamoja mpaka uone imeanza kukwama, halafu panda wati moja au mbili. Hapo ndo makazi ya hiyo gemu, mashine nyingi zina uwezo wa kukumbuka setingi za kila gemu kivyake kwa hiyo hutarudia. Na ukinunua gemu mpya Steam, jaribu mapema, wanarudisha hela ndani ya siku 14 kama hujavuka saa 2 za kucheza, kwa hiyo zile saa mbili zitumie sehemu nzito ya gemu kama unaweza kuifikia, sio kwenye kutengeneza sura ya mhusika.